Sakafu ya Nyumba ya Kale

Katika sehemu zote za nyumba, hapana inayotumika sana na kutazamwa kidogo kama sakafu. Paa husifiwa kwa kuzuia mvua, mlango husifiwa kwa nakshi zake, na dirisha hupendwa kwa upepo na mwanga liletao. Lakini sakafu hukanyagwa usiku na mchana na watu ambao fikira zao ziko mahali pengine. Mtoto hujifunza kutambaa juu yake, mgonjwa apatapo nafuu huzihesabu hatua zake juu yake, na jeneza hupitishwa juu yake siku ya mwisho. Kitu kinachotuchukua hivi tangu mwanzo wa maisha hata mwisho wake chastahili kufikiriwa japo mara moja. Basi nakualika, msomaji, tufikiri pamoja juu ya swali dogo. Mtu aliyepata nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao ngumu, aziache mbao zionekane, au azifunike kwa zulia?

Huenda ukacheka ukasema kwamba hili ni swali la fundi na muuza mazulia, wala si swali la maadili. Subiri kidogo. Maswali ya wema na ubaya hayaji kwetu siku zote yamevaa joho la hakimu. Mara nyingi huja na nguo za kazi, yameshika ndoo na ufagio. Mtu aweza kuishi miaka 70 asiitwe hata mara moja kuamua jambo la vita na amani. Lakini kila siku huamua namna ya kutumia kitu ambacho wengine walikitengeneza, wengine hukisafisha, na wengine watakirithi. Humo ndimo tabia yake inamojengwa au kubomolewa.

Tuvitazame kwanza vitu vyenyewe. Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za mawe zilijengwa ndani yake. Katika baadhi ya nyumba hizo za zamani, kwenye mitaa kama Kileleshwa na Parklands, mafundi walitandaza sakafu za vipande vifupi vya mbao ngumu, vilivyopangwa kwa kukingamana mfano wa miyaa katika mkeka. Nyumba nyingine zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa. Nyingine zimesimama hata leo. Miongoni mwa mbao zilizopendwa kwa kazi hii ni za muhugu, mti ambao wengine huuita muhuhu. Mbao zake ni nzito, zina rangi ya kahawia iliyoiva na harufu nzuri. Mchwa hushindwa nazo, na nyayo za watu huchukua miaka mingi kabla ya kuacha alama juu yake.

Zulia nalo si kitu cha kudharauliwa. Yako mazulia ya Uajemi yaliyofumwa kwa mkono, fundo baada ya fundo, kazi ya miezi mingi na subira kubwa. Yako pia mazulia ya kiwandani yanayoenea chumba kizima kutoka ukuta mmoja hata wa pili. Mengi ya haya ni ya nailoni, uzi uliobuniwa Marekani mwaka 1935. Zulia la namna hii ya pili ndilo mshindani wa kweli wa mbao katika nyumba ya kale, kwa maana likishaingia haliachi hata shubiri moja ya sakafu ionekane.

Sasa tumpe kila mdai nafasi ya kusema. Mtetezi wa zulia asema hivi: Katika mwezi wa Julai baridi ya Nairobi huingia hata mifupani, na atokaye kitandani alfajiri akakanyaga sakafu tupu huujua ukali wake; zulia huzipa nyayo zake joto. Sakafu ya mbao hupaza sauti. Mtoto mmoja akikimbia ghorofani, aliye chini hudhani ng'ombe wamevunja zizi. Zulia humeza kelele na kuwaachia majirani amani yao. Tena, mbao zilizopakwa nta zina utelezi. Kijana akianguka hucheka akainuka. Mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga asitembee tena. Hoja hizi ni za kweli, na mtu mwadilifu hazipuuzi.

Mtetezi wa mbao naye hujibu: Zulia hupokea kila kitu, kurudisha likawa shida. Vumbi, makombo, nywele na maji yaliyomwagika huzama ndani yake. Humo huishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao kinyesi chao huwasumbua watu wengi wenye pumu. Sakafu ya mbao hufagiwa ikapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, na ikiwa chafu haiwezi kujifanya safi. Zulia la kiwandani huchakaa katika miaka si mingi, likang'olewa na kutupwa, na nailoni haiozi upesi kama jani la mgomba. Lakini mbao ngumu zikikwaruzika hupigwa msasa zikarudia uso wake wa kwanza. Hata hivyo, kila zipigwapo msasa hupungua unene kidogo, kwa hiyo hata ujana huu wa mbao una hesabu yake.

Kama tungekomea hapa, mizani ingelala karibu sawa, na kila mtu angechagua kwa nyayo zake na mfuko wake. Lakini angalia, msomaji, jinsi hoja nyingi za pande mbili zilivyomhusu mtu mmoja, naye ni yule anayekaa ndani ya nyumba. Joto ni lake, usafi ni wake, na uzuri ni wa macho yake. Jirani alitajwa kwa sababu ya kelele, kisha akasahauliwa. Maadili huanza pale mtu anapouliza: ni nani mwingine aliyemo katika jambo hili ingawa hayumo chumbani? Nikilitazama swali hili la sakafu naona watatu: mti uliokatwa, mtu apigaye magoti, na mtu ajaye.

Tuanze na mti. Muhugu hukua taratibu sana. Miti yake mingine ni dume na mingine ni jike, na mbegu zake nyingi hazioti. Ulistawi katika misitu ya pwani na katika misitu iliyozunguka Nairobi, kama ile ya Karura na Ngong, ambamo hata leo haujaisha. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, muhugu ulikatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya sakafu, nguzo na vinyago. Kati ya miti hiyo huishi bundi mdogo ambaye urefu wake hautimizi sentimita 20. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na makao yake duniani ni misitu michache tu ya Kenya na Tanzania. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tunaposimama juu ya sakafu ya muhugu yafaa tukumbuke kwamba haikuanza kwa fundi. Ilianza kwa mbegu moja iliyobahatika kuota, ikangoja miaka mingi kivulini, na ilipokuwa mti ikawa makao ya viumbe wengine.

Mtu aweza kusema, "Mti umekwisha kufa. Nikitandika zulia juu yake nitamwongezea maumivu gani?" Asema kweli, mti haumo tena katika habari ya maumivu. Lakini kuna tofauti kati ya kukata kwa haja na kukata kisha kupoteza. Aliyechinja ng'ombe akailisha jamaa yake hayuko sawa na aliyechinja akaiacha nyama ikaoza. Sakafu ya muhugu ikiharibiwa kwa uzembe ikang'olewa na kuchomwa moto, mti ule umepotea mara mbili. Na yamkini mwenye nyumba atakayekuja atatamani mbao nyingine, shoka lirudi tena msituni. Kwa hiyo deni letu kwa mti si kuulilia. Deni letu ni kuitunza kazi ambayo mauti yake yalilipia.

Lakini mpenzi wa mbao asije akadhani kwamba kesi imekwisha. Wa pili ni mtu apigaye magoti. Katika enzi za ukoloni sakafu nyingi za Nairobi ziling'aa kwa sababu kila asubuhi mtu alizipigia magoti, kitambaa mkononi na kopo la nta kando yake. Mtu huyo aliitwa "boi" hata kama alikuwa na mvi kichwani na wajukuu kwao. Aliijua kila pembe ya sakafu ile kuliko bwana wake, lakini hakukaribishwa kuketi kitini juu yake. Wageni walipoingia waliusifu ubao, wakamsifu mwenye nyumba; aliyeung'arisha alikuwa jikoni akitayarisha chai yao. Ukoloni umekwisha, lakini magoti hayajaisha. Hata leo wako watu wapendao sakafu ing'ae kama kioo, na kung'aa huko hutoka katika mgongo wa msichana aliyetoka kijijini, ambaye mshahara wake hucheleweshwa na jina lake halijulikani kwa wageni. Sheria za Kenya huweka kima cha chini cha mshahara hata kwa mtumishi wa nyumbani. Lakini sheria haiwezi kusimama mlangoni mwa kila nyumba. Pale inaposhindwa kufika, dhamiri ya mwenye nyumba ndiyo askari wa pekee.

Wala zulia halitoki katika hukumu hii likiwa safi. Katika nchi kadhaa za Asia watoto wametumikishwa kwenye vitanda vya mfumi kwa madai kwamba vidole vyao vidogo ni vyepesi kufunga mafundo. Basi asiyetaka kuona magoti ya mtu katika ubao asidhani kwamba hataona vidole vya mtu katika zulia. Hakuna sakafu isiyo na mkono wa mtu ndani yake. Swali ni kama mkono huo ulilipwa haki yake na kuheshimiwa. Na kwa mpenzi wa mbao nina kipimo kimoja rahisi: je, ungezipenda hivyo kama ungezisugua mwenyewe? Ukijibu ndiyo, upendo wako ni wa kweli. Ukijibu la, basi umependa jasho la mwingine.

Kabla ya kumfikia wa tatu, liko jambo linalowatatiza wengi, nalo ni hili: je, kufunika ni kusema uwongo? Wako wasemao kwamba zulia juu ya ubao mzuri ni unafiki, kama mtu mwenye sura njema kuvaa kinyago. Mimi sikubali moja kwa moja. Inategemea kilichofunikwa na nia ya mfunikaji. Muuza nyumba anayetandika zulia jipya juu ya mbao zilizooza, ili mnunuzi asizione, amesema uwongo ingawa hakufungua kinywa. Nyumba njema si mlango, na mnunuzi yule atakuja kuijua maana ya methali hiyo siku mguu wake utakapozama sakafuni. Lakini afunikaye kitu kizima ili kisichakae hamdanganyi mtu. Mama afunikaye chakula kwa kawa hakifichi, anakilinda.

Habari za Marekani zatufundisha jambo katika hili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 nyumba nyingi za nchi ile zilijengwa kwa sakafu za mbao ngumu, na mwaloni ulipendwa sana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya jimbo la Georgia, hasa katika mji wa Dalton, vilipata mashine za kushona mazulia kwa wingi na kwa bei nafuu. Zulia la chumba kizima, ambalo zamani lilikuwa la matajiri, likawa la kila mtu, na sakafu nyingi za mwaloni zikafunikwa. Miaka ilipita, desturi ikageuka, na watu waliorithi au kununua nyumba zile wakaanza kuyafunua mazulia makuukuu. Mara nyingi walikuta mbao nzima, kwa sababu kwa miaka yote hiyo zulia ndilo lililopokea nyayo na makwaruzo. Waliofunika walidhani wanaficha kitu kilichopitwa na wakati. Kumbe walikuwa wanakiweka akiba. Lakini haikuwa hivyo kila mahali. Pale ambapo zulia lilibandikwa kwa gundi kali, au lilipolowa na kuachwa na unyevu wake, mbao zilitoka zimeharibika na zimeingia weusi. Desturi ilikuwa moja, ila watu wa baadaye hawakupokea urithi mmoja.

Hapo ndipo tunapokutana na yule wa tatu, mtu ajaye. Hatumjui jina. Pengine hajazaliwa. Hawezi kuja leo kutuomba chochote, wala kutushitaki kesho kwa tutakalomtenda. Kwa sababu hiyo yeye ndiye mdai mnyonge kuliko wote, na heshima tunayompa ni kipimo kizuri cha uadilifu wetu. Maana mtu humtendea haki mwenye nguvu kwa hofu, lakini humtendea haki asiyeweza kudai kwa wema tu. Mtu ajaye hatutaki tupende anachopenda yeye, kwa kuwa hata yeye hajajua atapenda nini. Atutaka kitu kimoja: tusimfungie mlango wa kuchagua. Anayetandika zulia bila gundi amechagua kwa ajili ya siku zake. Anayelibandika kwa gundi amechagua kwa ajili ya siku zake na za watu wengine ambao hakuwauliza. Vivyo hivyo apigaye ubao msasa kila mwaka kwa tamaa ya kung'aa hula unene wa sakafu ambao ulikuwa fungu la watakaomfuata.

Watu wa pwani yetu walikuwa na hekima hii kabla ya viwanda vya mazulia. Tazama mkeka wa ukindu. Akija mgeni, hutandikwa; wakati wa kulala, hutandikwa; shughuli ikiisha hukunjwa ukaegemezwa ukutani, na sakafu hubaki kama ilivyokuwa. Mkeka humtumikia mtu bila kuitawala nyumba. Kanuni nzima ya jambo hili imo ndani yake: kitu cha kupita kisikiharibu kitu cha kudumu.

Atatokea wa kusema, "Nyumba ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, na sakafu nitaifanya nipendavyo." Hatubishani juu ya hati yake. Lakini mtu aliyenunua nyumba yenye umri wa miaka 80, hali yeye ana miaka 40 na atakaa humo miaka 30, ni mpita njia mwenye ufunguo. Alilipa bei ya kuitumia. Bei ya kuota kwa muhugu hakuilipa, wala hapana duka linaloiuza. Mali ya namna hii ni amana hata inapokuwa halali yetu. Mwenye amana aruhusiwa kuitumia na kuifurahia, bali si kuirudisha ikiwa kifusi.

Wala usinifahamu vibaya, msomaji, ukadhani kwamba nauweka ubao juu ya binadamu. Kama katika nyumba ile yumo bibi mwenye magoti mabovu aogopaye utelezi, zulia litandikwe leo, wala pasiwe na majadiliano. Mfupa wa mtu ni bora kuliko mbao zote za Sokoke. Lakini litandikwe vizuri: liwe pana na zito, lisiteleze wala kukunjamana pembeni, kwa maana zulia dogo lisilotulia ni mtego kuliko sakafu tupu. Palipo mtoto mwenye pumu, zulia liondoke. Anayeishi sasa ana haki ya kutangulizwa. Ninachokataa ni kumtanguliza kwa njia inayomnyang'anya ajaye bila haja, hali gundi haimzidishii bibi usalama ambao zulia zito lililotulia haliwezi kumpa.

Basi hukumu yangu ni hii. Katika nyumba ya kale, mbao ngumu na zihesabiwe kuwa mwenyeji, na zulia lihesabiwe kuwa mgeni. Mgeni apewe heshima na mahali pa kuketi, kwa kadiri ya haja ya waliomo. Lakini asipige misumari ukutani wala kubadili kufuli. Na yeyote asafishaye sakafu hiyo, iwe ya mbao au ya zulia, alipwe haki yake na aitwe kwa jina lake.

Wewe unayesoma kurasa hizi pengine huna nyumba bado. Una dawati ambalo jina la mwanafunzi wa miaka iliyopita limechongwa juu yake kwa kisu. Una kitabu cha maktaba ambacho mtu alikipasua ukurasa uliouhitaji. Una bweni ambalo wengine watalala ukishaondoka. Huko ndiko sakafu yako iliko kwa sasa. Kabla hujaweka mkono wako juu ya kitu ambacho hukukianza na hutakimaliza, jiulize kama utakalolifanya laweza kutanduliwa na mwingine. Kama laweza, lifanye kwa furaha ya ujana wako. Kama haliwezi, simama kwanza, uwaulize wasiokuwapo.